Uso Mmoja wa Kupeleka Kasai

Adui wangu nilimtafutia kazi mimi mwenyewe, tena nikampa na kipande cha shaba cha kuanzia. Ninalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure huko mbele.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja wa Musonoi alifika nyumbani kwetu, mtaa wa Dilala, hapa Kolwezi, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Alitaka nimchoree uso wa mume wake. Nikamwambia pole sana, Mungu amlaze, alete tu foto. Hata kama ni ile ya kadi ya uchaguzi, ambayo kila mtu hutoka kama mwizi aliyeshikwa, mimi nimeizoea.

"Pole ya nini, tata?" akasema, akiniita baba kwa heshima. "Bwana yangu eko nyumbani. Alianguka mu shimo, mugongo ikavunjika, haamukake. Lakini macho iko, kinywa iko, na matusi iko mingi. Ninataka umuchore vile eko."

Nilikuwa nimekwisha kumfariji mke wa mtu aliye hai. Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nilitafuta mlango wa kutokea, na mlango niliouona ulikuwa wa mzaha. Kwenda Musonoi kulitaka pikipiki, vumbi, na kuketi chumbani kwa mgonjwa mwenye matusi. Mwaka ule nilikuwa nimetoka nje ya mtaa wetu mara mbili, na mara ya pili niliijutia. Basi nikamwambia:

"Mama, kule kwenu kuna mwanamke anachora vichwa kwenye vibao vya saluni. Yule hana shida na watu walio hai. Nenda kwake."

Nikacheka. Na ili mzaha ukamilike, nikachagua kipande kimoja cha shaba ndani ya kopo langu, kilichokwisha kusuguliwa, nikamtia mkononi. "Umpe na hiki. Umwambie fundi wa Dilala amekutuma."

Vibao vya saluni mnavijua. Nywele zimechorwa unywele kwa unywele, misuko imenyooka kama reli, na chini yake kuna uso wa mtu asiye ndugu wa mtu yeyote. Nilingoja yule mama arudi na mume mwenye nywele nzuri na asiye na sura. Ningemwonea huruma, ningemtengenezea mwingine kutoka kwenye foto, na habari ingezunguka kwamba kazi ya nyuso ndogo ina mwenyewe.

Mwenyewe, yaani mimi, nina meza moja mbele ya dirisha, katika nyumba ya matofali ambayo kampuni ya madini ilimpa baba alipoletwa kutoka Kasai. Baba alikufa, kampuni ikaisahau nyumba, tukabaki ndani, mama na mimi. Sijaoa. Mama husema nimeoa kiti, na kwamba kiti kimenizalia makalio.

Kwenye meza hiyo nachora nyuso zenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya bia, juu ya shaba. Mji huu unasafirisha shaba kwa malori mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mimi natumia kipande ambacho ningeweza kukimeza. Nakikata kwa mkasi wa bati, nakisugua kwa jivu na ndimu, natoboa tundu la uzi. Kisha nachora uso wa marehemu, na mjane au mtoto mkubwa anauvaa kifuani mpaka siku ya kumaliza kilio. Si desturi ya mababu, nisiwadanganye. Ilianza hapa mezani, siku mjane mmoja alipotaka kitu kisichofifia kama zile tisheti zenye picha ya marehemu, ambazo zikifuliwa mara tatu marehemu anakufa tena. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwenzake, mpaka nikawa napata foto za watu wa mbali kama Kisenge, zimefungwa ndani ya karatasi za daftari.

Ufundi wenyewe niliutoa kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, alichoniachia mwalimu wa kuchora nilipomaliza sekondari. Ndani yake kulikuwa na habari za mchoraji mmoja wa Amerika ya zamani, aliyechora nyuso ndogo juu ya vipande vya pembe ya ndovu, vyembamba kama ukucha. Watu walizificha ndani ya ngumi au chini ya nguo. Baharia alichorwa kabla ya kupanda meli, binti kabla ya kuolewa mbali, mtoto siku homa ilipozidi. Mchoraji huyo alikwenda mji kwa mji na farasi wake, akaketi goti kwa goti na kila mtu, akachora huku wanaongea. Nilimpenda sana. Nilichukua brashi yake ya nywele tatu, nikachukua vitone vyake badala ya mistari, nikachukua namna yake ya kushika pumzi mkono unaposhuka. Farasi na goti kwa goti nilimwachia mwenyewe. Foto haikohoi, haiombi chai, na haikuulizi kwa nini hujaoa.

Wiki mbili baadaye mama wa Musonoi alirudi. Hakuja kulalamika, alikuja kunishukuru, na hilo ndilo lililoniua.

"Tata, Mungu akubariki," akasema huku akifungua fundo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. "Ule mama ulinipeleka kwake, eko na mukono!"

Nikavaa jichoni kioo changu cha kukuza, kile wanachotumia mafundi saa, nikamtazama mume wake. Shingo ilikuwa nene mno. Sikio moja lilikuwa limesahauliwa. Rangi ilikuwa ya kopo, ya kupakia kuta, mtu angeweza kuinusa. Nikahesabu makosa saba na roho ikaanza kutulia. Kisha yule mwanaume naye akanitazama. Sijui niliseme vipi. Jicho moja lilikuwa limefungwa kidogo, mdomo umevutwa upande, na nilijua kwa hakika kwamba amekwisha kuanza kunitukana na anangoja tu nigeuke ili amalize.

"Anafanana?" nikauliza.

"Anafanana? Tata, nikilala ninamufunika na kitambaa. Mumoja mu kitanda ananitosha."

Alipoondoka, nilitoa nyuso zangu zote zilizokuwa zinangoja wenyewe, nne au tano, nikazipanga mezani. Zilikuwa safi. Kope zinahesabika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na wazo la kunitukana. Wivu ulinikaa tumboni kama bukari, yaani ugali, isiyoiva, na kwa siku kadhaa sikuchora kitu. Nilimwambia mama kwamba macho yananiuma. Mama, ambaye hajawahi kuamini ugonjwa wangu wowote, akaniuliza kama macho hayo yanauma pia wakati wa kula.

Ningepona. Wivu wa kazi hupoa kama chai. Lakini yule mgonjwa wa Musonoi mwenye sikio moja alianza kutembea zaidi kuliko alivyotembea akiwa na mgongo mzima. Mke wake alikwenda naye sokoni, akaenda naye kwenye kikundi cha sala, na kwenye kikundi cha sala mama yangu alimshika mkononi.

Hapa lazima nieleze jambo la mama. Mama ana dada mmoja tu aliyebaki, mkubwa wake, huko Kasai. Tangu baba alipomleta mama Kolwezi akiwa bibi harusi, dada hao wameonana mara moja. Mwaka ule habari zilifika kwamba miguu ya mama mkubwa imekataa kabisa. Magoti ya mama nayo hayapandi treni. Hakuna aliyesema kwamba hawataonana tena, lakini mama alikaa siku nzima mlangoni akichambua maharage yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa, na jioni akasema anataka kumpelekea dada yake uso wake.

Msiniulize habari za simu. Mama mkubwa hana simu. Anaonyeshwa ya mjukuu, na mjukuu akiondoka uso unaondoka naye. Mama alitaka kitu ambacho dada yake atakishika mwenyewe, alale nacho. Tena alikuwa na mtu wa kukipeleka: mama mmoja wa parokia yetu angepanda treni ya Kasai siku ya Jumamosi, kama treni nayo ingekubali.

"Mama, hilo ni langu," nikasema. Nilikwisha kuinuka kuchagua shaba, na kuinuka kwangu si jambo la kila siku.

Mama akanitazama kwa upole, ule upole wa mtu anayekwenda kukuchoma sindano.

"Apana, tata yangu. Mukono yako imezoea kilio. Yaya yangu, ule mukubwa yangu, akiona kazi yako, ataanza kulia mbele ya kuuliza. Mi ningali muzima. Uniitie ule mama wa Musonoi mwenye brashi."

"Mama! Ule anachoraka saluni."

"Basi na nywele yangu itatoka muzuri."

Nilirudi kwenye kiti. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa kuwa mzaha hautanisaidia. Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kumchora mama. Nilikuwa nikijiambia kwamba namweka kwa baadaye, kama mtu anavyoweka kitenge kizuri sandukuni. Ni baadaye ipi niliyokuwa naihesabu, sikujiuliza. Mama alikuwa amejiuliza kwa niaba yangu, na jibu hakulipenda.

Mwanamke wa Musonoi alifika Jumanne asubuhi, mgongoni mwa pikipiki, amekumbatia kigoda na mfuko wa brashi. Nilitarajia mtu mdogo. Alikuwa mrefu, mwenye rangi ya samawati kwenye viwiko na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Tata fundi!" akaniita kutoka mlangoni. "Njo weye, ndiye weye ulinitumia kale kashaba? Nikasema, huyu tata eko na roho ya Mungu. Bengine banafichaka kazi."

Niliitikia kwa heshima zote. Sikumpa kiti. Hakukihitaji, alikuwa na kigoda chake. Alikiweka mbele ya mama, akakivuta, akakivuta tena, mpaka magoti yao yakagusana. Nilijisikia kama mtu anayeona barua yake inafunguliwa na kusomwa kwa sauti na mgeni.

Ili niwe na sababu ya kukaa palepale, nilichukua redio, nikafungua mgongo wake, nikaanza kuitengeneza. Redio haikuwa mbovu. Kufikia Jumatano ilikuwa mbovu.

Sikuwahi kuona mtu anachora vibaya namna ile. Aliegemeza kiwiko kwenye goti la mama! Alichovya brashi bila kupima, akafuta kwa kidole gumba, akaongea muda wote. Kila aliposema neno nilitaka kumwambia ashike pumzi. Halafu akageuka.

"Tata, uko na kale kakioo ka kukuza? Macho yangu imechoka na vibao vikubwa."

"Kilipotea," nikasema.

Kilikuwa kinaning'inia kifuani mwangu kwa kamba. Alikitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Pole," akasema. "Kikionekana utaniambia."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilimwona yule mwanamke akichora kwa haraka haraka wakati mama anacheka, kama mtu anayeokota nguo kwenye kamba mvua inapoanza. Nikaelewa anachofanya. Hangoji mtu atulie. Anangoja mtu asahau kwamba anachorwa. Kuelewa hakukunisaidia, kulinichoma zaidi, maana jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika kitabu changu na mimi nililiruka.

Siku ya pili alimuuliza mama kuhusu dada yake. Swali dogo tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Mulikuwa munapendana?"

"Tulikuwa tunapigana!" mama akasema. "Viatu ilikuwa paka pea moja tu, ya mi na yaya. Njo vile yaya anaenda misa ya kwanza, mi ninaenda misa ya pili. Tunakutana mu njia, anavua, ninavaa, yeye anarudia nyumbani miguu bule. Siku moja padri akaunganisha misa."

"Eh! Mukafanya nini?"

"Kila mumoja na kiatu yake kamoja. Tukaingia hivi."

Na mama yangu, ambaye magoti yake hayapandi treni, akachechemea akiwa ameketi, bega moja juu, bega moja chini, macho mbele kwa utakatifu mkubwa, kama msichana anayepita katikati ya kanisa akiomba watu wasitazame chini. Mwanamke wa Musonoi akaangusha brashi kwa kicheko. Mimi nilikuwa na bisibisi mkononi. Hadithi ile sikuwahi kuisikia. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote, tumekula sahani moja, na mgeni wa siku mbili anapewa viatu.

"Mama, hukunihadithia hata siku moja," nikasema.

"Hukuniulizaka. Weye unaulizaka paka hii tu: chakula iko?"

"Ni swali muzuri pia, mama," yule mwanamke akasema, akinitetea. Nilimchukia kwa kunitetea kuliko kwa kila kitu kingine.

Mchana ule mama alipokwenda kwenye kikundi chake cha sala, nilifunga mlango, nikavuta pazia nusu, nikachagua shaba bora niliyokuwa nayo. Sikuhitaji goti la mtu. Nilikuwa na macho, na nilikuwa na uso ule kichwani tangu kabla sijajua kusema. Nilimchora mama. Nilianza na kitambaa chake cha kichwa, kile cha maua ya njano anachovaa siku za kawaida, nikachora kila ua na kila jani la ua. Nikachora mikunjo ya paji la uso kitone kwa kitone. Nikachora masikio yote mawili, hilo niliona ni jambo la kusisitiza. Alhamisi asubuhi nilikaa tena na redio yangu karibu na mama, midomo nimeibana, nikimtazama kwa pembe ya jicho ili nipate taya. Alhamisi mchana nilipata taya. Nilichora kwa hasira nzuri, ile inayonyoosha mkono, na nilipomaliza nikajisemea kwamba sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Kama mama mkubwa ana macho, atajua ni nani amechora. Ataiweka kifuani, na atasema: mtoto wa mdogo wangu.

Hilo ndilo nililolitaka. Nilitaka huko Kasai, mahali ambapo hakuna anayenijua, kipande kinachoshikwa mkononi kiwe changu.

Ijumaa asubuhi yule mwanamke alimaliza. Alipuliza juu ya shaba, akaisugua ukingo kwa kitambaa, akampa mama. Mama akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja, kama anavyofanya akiwa ameshikwa na kicheko kanisani.

"Njo mi," akasema. "Njo mi kabisa. Angalia vile mi ninataka kusema mubaya."

Kabla sijapoteza ujasiri niliinuka, nikatoa changu mfukoni.

"Na huyu?" nikasema.

Niliogopa atakasirika kwa kuwa alinikataza. Hakukasirika. Aliweka kimoja kwenye goti la kulia, kingine kwenye goti la kushoto, akavitazama kama mtu anayepima samaki wawili. Mwanamke wa Musonoi akainama, akakitazama changu bila kioo, pua yake karibu iguse rangi.

"Tata, mukono yako ni safi," akasema. "Kale kaua, mi siwezi kukachora hata unipatie mwezi muzima."

Nikangoja nusu ya pili ya sifa hiyo. Haikuja.

"Basi tupeleke zote mbili," nikasema kwa ukarimu, maana nilijua jibu. Yule mama wa parokia alikuwa amekwisha kusema: kimoja, atakishikiza kwa uzi ndani ya pindo la kikwembe chake, viwili vitakwanguana njiani. Na mama mwenyewe hakutaka.

"Yaya atauliza mi ni yupi," akasema. "Ni moja. Lakini mi sichague. Huyu ni mutoto yangu, huyu ni mugeni yangu. Muite jirani."

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia aliendesha malori makubwa ya mgodi mpaka alipopewa pensheni. Injini ilimchukua nusu ya masikio, kwa hiyo anasema kwa sauti, na anasema mara moja, kama mtu asiye na nafasi ya kugeuza gari. Amemjua mama tangu enzi ambazo nyumba zetu zilichota maji kwenye bomba moja. Kila asubuhi huja kunywa chai kwetu. Nakiri kwamba asubuhi ile chai yake niliitia sukari vijiko vinne, nikampelekea mwenyewe mpaka kwenye lango lake, pamoja na mikate ya moto. Alishangaa kuniona nje. Aliniuliza kama nyumba yetu inaungua.

Sikumwambia kipande kipi ni cha nani, sikuwa mwizi kiasi hicho. Niliamini kazi yangu. Nilimwambia tu kwamba mama anataka kupeleka uso wake kwa dada yake, kwamba nafasi ni ya mmoja, na kwamba neno lake ndilo litakalofuatwa. Mama akaitikia kwa kichwa. Mwanamke wa Musonoi akaanza kuosha brashi zake kwenye kikopo, kama mtu ambaye jambo halimhusu, ila aliosha brashi moja hiyohiyo muda wote.

Jirani akaweka vipande viwili kwenye kiganja chake kipana, akaenda navyo mlangoni kwenye mwanga. Lori likapita barabarani, tukangoja lipite. Alitazama vipande, akageuka akamtazama mama aliyekuwa ameketi na uso ulionyooka kama yuko mbele ya hakimu, huku kicheko kikimponyoka kwenye pembe za mdomo. Akatazama vipande tena. Kisha, kwa sababu nisiyoielewa, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya mama, mikono nimeikunja kifuani. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama yeye.

"Basi, tata," nikasema, "ya kupeleka ni ipi?"

Akampa mama kile chenye harufu ya rangi ya kopo. Changu akakirudisha mkononi mwangu, akanikunjia vidole juu yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka njiani:

"Ile njo mama yako. Hii ingine ni weye, umevaa kitambaa ya mama yako."